Plasta au uzi: majeruhi wa reli wasipotee njiani

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumzie taarifa za ajali na majeruhi wa reli nchini Marekani. Treni ikiacha reli, haifichiki. Kinachopotea ni taarifa ya kidole kilichobanwa wakati wa kuunganisha mabehewa.

Kwa kanuni za mamlaka ya shirikisho ya reli, FRA, kampuni ikipata habari za jeraha ina siku 7 za kazi kuliandika katika kumbukumbu zake za ndani. Linalostahili kuripotiwa hupelekwa FRA ndani ya siku 30 baada ya mwezi kwisha. Sasa, lipi linastahili? Kidonda kikibanwa kwa plasta, hiyo ni huduma ya kwanza, na hadithi inaishia kituoni. Kikishonwa, hata kwa uzi mmoja, ni matibabu na serikali lazima iarifiwe. Dawa nazo ni hivyohivyo: kidonge cha kawaida cha dukani hakihesabiwi, cha kuandikiwa na daktari kinahesabiwa. Kukosa kazi siku moja, kupewa kazi nyepesi au kuzimia pia huhesabiwa.

Ndiyo maana msimamizi hupenda kumsindikiza majeruhi kliniki, amwulize daktari kama plasta haitoshi. Kanuni zinamkataza kuingia chumba cha daktari, isipokuwa mgonjwa amemkaribisha kwa hiari yake, au mgonjwa hana fahamu au hawezi kujieleza na daktari anahitaji maelezo. Sheria nayo, tangu 2008, inakataza kuzuia au kuchelewesha matibabu. Aliyeadhibiwa kwa kuripoti ana siku 180 za kulalamika Wizara ya Kazi, muda unaokwisha upesi kwa mtu ambaye bado anauguza mkono.

Tatizo letu ni ukaguzi. Mkaguzi akianza na fomu zilizotumwa, ataona zilizotumwa tu. Aanze na hati za malipo ya matibabu na mafaili ya madai, aende kwenye mahudhurio, kisha kumbukumbu za ndani, ripoti ya mwezi iwe ya mwisho. Aliyelipiwa nyuzi na hayumo kwenye ripoti, aulizwe habari zake yeye mwenyewe, msimamizi akiwa mbali.

Wafanyakazi nao wadai nakala ya kumbukumbu ya jeraha lao, maana ni haki yao, na waisome orodha ya majeraha ambayo kampuni inalazimika kuibandika kituoni. Mwenye nakala mkononi ataona mara moja kama jeraha lake limerukwa.

Wasomaji wako