Daftari limejaa sahihi, msimamizi simwoni

Mhariri,

Ijumaa iliyopita msimamizi wangu alitia sahihi kurasa kumi na nne za daftari langu la kuandikia saa za kazi akiwa amesimama mlangoni, funguo za gari mkononi. Hakuuliza swali hata moja. Mimi ni mwanagenzi wa saikolojia ya tiba katika hospitali moja hapa Kisumu, na kwa mujibu wa kurasa hizo nimesimamiwa vizuri mwezi mzima.

Siandiki kumchongea. Ana wagonjwa hapa, ana darasa chuoni, na siku mbili kwa wiki yuko kaunti nyingine. Siku hizo wagonjwa wake nawaona mimi.

Jumanne akaja mvuvi mmoja (nimebadilisha mambo kadhaa asije akatambulika), ameletwa na dadake kwa sababu hapati usingizi. Nikachukua PHQ-9, lile dodoso la maswali tisa la kupima sonona, nikaanza kumsomea. Dodoso linauliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Yeye akanijibu kwa Kidholuo, "Chunya lit," moyo wangu unauma, na kwamba haukuanza kuuma wiki mbili zilizopita, ulianza mwaka mtumbwi ulipozama. Haya yote mimi nimesomeshwa kwa Kiingereza. Hakuna aliyewahi kuketi nami tukajadili "chunya lit" niiandike wapi: ni huzuni, ni kifua, ama ni vyote pamoja? Tulipofika swali la tisa, linalouliza kama mtu huwaza kwamba heri afe, alinyamaza kitambo. Kisha akasema ndiyo, na kamba anayo.

Nilitoka nikapiga simu. Haikushikwa. Nikapiga tena. Nikarudi ndani nikakaa naye saa mbili, tukakubaliana na dadake nani atakuwa naye usiku na kamba iondolewe na nani, kisha nikampeleka kwa daktari wa zamu, akamlaza. Namshukuru daktari huyo. Lakini mengi niliyoyafanya mle chumbani nilikuwa nayakisia, na hadi naandika barua hii hakuna aliyenikalisha akaniambia hapa ulipatia, hapa uliteleza. Katika daftari, mvuvi ni mstari mmoja: saa mbili.

Saa ndizo kila mtu anazitaka. Zikitimia, chuo kimeridhika. Huko Marekani, APPIC, shirika linaloratibu vituo vya wanagenzi wa saikolojia, nalo huhesabu saa, ila linataka pia isipungue saa moja ya usimamizi kwa kila saa 20 za kazi. Kwa wiki ya saa 40 hizo ni mbili. Mimi mbili sijazipata tangu nianze. Tena kule mwanagenzi kwa kawaida hulipwa posho. Hapa mimi ndiye niliyeilipa hospitali ada ya kupewa nafasi, na nauli ya kutoka Nyalenda anatoa mama. Hayo ya pesa tuyaache kwa leo. Nijuavyo, atakayenijibu ataanza na kwamba Marekani ni matajiri, ilhali kuketi na mwanafunzi saa mbili hakuhitaji mashine yoyote.

Tunayo Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na Bodi yake ipo. Januari 2025 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kile kilichomfanya aliyejaribu kujiua awe mhalifu wa kufungwa hadi miaka 2. Nilifurahi sana. Jamaa waliozoea kutuambia mgonjwa "alikunywa dawa ya ng'ombe kwa bahati mbaya" sasa wanaweza kusema ukweli bila kuogopa polisi. Wakija, ukweli huo wanamwambia nani? Wanamwambia mtu aliyemaliza masomo juzi, peke yake chumbani, na simu isiyoshikwa.

Ombi langu kwa Bodi na vyuo: hospitali isipokee wanagenzi kuzidi idadi ambayo wasimamizi wake wanaweza kuketi nao. Daftari liwe na sehemu ya usimamizi wenyewe, tarehe, muda na kesi iliyozungumzwa, na mwanagenzi aijaze kwa mkono wake. Na awepo mtu wa pili wa kupigiwa simu, anayejulikana kwa jina, wa kwanza asipopatikana. Katika wadi yetu yuko muuguzi wa magonjwa ya akili ambaye amenifunza kuzungumza na wagonjwa hawa kuliko yeyote, kwa Kidholuo na kwa Kiswahili. Sahihi yake haihesabiwi popote. Mbona isihesabiwe, walau kwa sehemu?

Ijumaa hii nina kurasa tano za kupeleka. Nitapeleka nne. Ukurasa wenye mstari wa mvuvi nitaushikilia mpaka siku msimamizi atakapoketi.

Mwanagenzi wa saikolojia,
Kisumu
(Jina limehifadhiwa)