Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: Hela ya chupa irudi

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Mazingira,

Pokea salamu zangu kutoka Kigogo, Dar es Salaam, mwendo mfupi tu kutoka bonde la Mto Msimbazi. Nina duka nililorithi kwa mama. Kabla hajanifundisha kupima sukari, mama alinifundisha kuhesabu chupa tupu. Kreti moja, chupa 24. Mteja akitaka kuondoka na soda, alete chupa au aache hela ya chupa, arudishiwe akiileta. Ukivunja chupa ya watu, nyumbani ilikuwa kesi. Mtaroni sikuwahi kuona chupa ya soda ikilala mpaka asubuhi, maana mtoto yeyote aliyeiona aliona pesa.

Leo friji yangu imejaa plastiki. Msambazaji anashusha mzigo, anachukua fedha zake, gari linaondoka tupu. Kreti za vioo bado zinakuja, ila kila mwaka chache kuliko mwaka uliopita. Nilipouliza, nikajibiwa kuwa wateja ndio wanaotaka plastiki. Sibishi, ni nyepesi na haipasuki. Ila hakuna mteja aliyeulizwa nani ataitoa mtaroni masika yakianza. Sisi wa bondeni tunajua jibu: mitaro inaziba, maji yanaingia vyumbani, na makopo yasiyokwama yanasafiri na Msimbazi mpaka baharini kule Selander.

Yupo kijana anapita dukani kwangu kuokota makopo. Analipwa kwa kilo, na kilo moja ni chupa za nusu lita kama 50. Nimemtazama akichambua: zisizo na rangi anatia kwenye kiroba, za kijani na za bluu anaziacha palepale, kwa sababu mnunuzi hazitaki. Hilo si kosa lake, Mheshimiwa, wala si la aliyekunywa. Rangi ile iliamuliwa kiwandani. Lebo nayo ni hivyohivyo. Chupa zikishasagwa hutiwa ndani ya maji: vipande vya chupa vinazama, vya kifuniko vinaelea, kazi inakuwa rahisi. Lakini lebo ikiwa ya PVC, aina nyingine ya plastiki, inazama pamoja na chupa, na kiasi kidogo tu cha PVC kinaharibu mzigo mzima. Kampuni inayotangaza kwamba inapenda mazingira ingeanza na hayo: chupa isiyo na rangi na lebo isiyoharibu. Korea Kusini ilipiga marufuku chupa za plastiki za rangi za vinywaji mwaka 2019. Ulaya, tangu Julai 2024, kifuniko lazima kibaki kimeshikana na chupa yake.

Na Ujerumani, hela ya chupa ambayo sisi tunaachana nayo, wao tangu 2003 wameiweka kisheria hadi kwenye plastiki na makopo ya bati. Leo ni senti 25 za yuro. Hiyo ndiyo ninayoiomba hapa kwetu. Kila chupa ya plastiki iuzwe na hela yake, tuseme shilingi 100, ilipwe kwa yeyote atakayeirudisha, awe mnywaji au yule kijana wa kiroba. Gari linaloleta soda liondoke na chupa tupu. Muuza duka apewe chochote kwa kazi ya kupokea na kuhesabu, kwa sababu ni kazi.

Kampuni pia zisiruhusiwe kuondoa vioo sokoni kimyakimya. Chupa ya kioo inaoshwa kwa maji ya moto na magadi makali, inakaguliwa, inajazwa tena, mara 20 na zaidi. Watakuambia kioo ni kizito, kinakula mafuta ya gari. Kwa safari ya mbali ni kweli. Lakini soda ninayouza Kigogo inajazwa hapahapa Dar es Salaam, na gari lenyewe lazima lirudi kiwandani.

Najua serikali ikiamua inaweza. Machi 1, 2017 viroba vya pombe, vile vipakiti vidogo vya plastiki, vilikoma. Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ikafuata, na mimi ni mmoja wa walioogopa kwamba wateja watakimbia. Hawakukimbia. Walikuja na vikapu, na mifuko mbadala ikajaa sokoni. Lakini mara ile aliyeshtukizwa na mgambo alikuwa mama wa genge mwenye mifuko kumi. Safari hii sheria ianzie kwenye lango la kiwanda, Mheshimiwa, na iwe na tarehe, kama zile mbili zilivyokuwa na tarehe.

Chini ya kaunta yangu pana nafasi ya kreti nne, pale alipozipanga mama. Sijaweka kitu kingine. Mkitangaza tarehe, kesho yake naanza kupokea chupa.

Mwenye duka,
Kigogo, Dar es Salaam