Anayenunua mafuta ya kupima anajua hesabu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kwamba umaskini wa watu wengi hapa Dodoma unatokana na kutojua kutumia fedha. Kwa kifupi alisema mtu wa hali ya chini ananunua kidogo kidogo kwa bei ya juu, hela inaishia kwenye vocha na michango ya harusi, akiba haweki, halafu anailaumu Serikali. Akashauri watu wapewe semina.

Mimi nina duka Chang'ombe, Dodoma mjini. Wateja wananiita Mangi, jina wanalowapa Wachaga wenye maduka, ingawa ni Mrangi wa Kondoa na huko Moshi sina hata shemeji. Uchumi sijausomea, ila naujua kwa kukaa kaunta, hasa kuanzia saa kumi na mbili jioni vibarua wanaporudi.

Nimchukue mteja mmoja, mama wa watoto wanne anayebeba zege kwenye nyumba zinazojengwa upande wa Iyumbu. Siku akilipwa anaingia na noti ya elfu kumi. Anaanza na unga, kilo moja na nusu. Halafu, "Mangi, nipimie mafuta ya mia tano." Dagaa wa elfu moja. Sukari robo. Kipande cha sabuni. Kabla hajaondoka anasimama pembeni, anahesabu zilizobaki kiganjani, anarudi, ananirudishia sukari, anachukua vocha ya mia tano. Elfu mbili amezikunja peke yake kwenye pindo la kanga, maana kijumbe, yule anayekusanya fedha za mchezo wa kupeana kwa zamu, anapita saa moja na hana utani.

Msomaji wetu angekuwepo hapo angeandika barua nyingine: watoto wanakunywa chai bila sukari, mama ananunua vocha! Basi tuulize hiyo vocha ni ya nini. Nyapara wa saiti anapiga simu usiku au alfajiri kusema kesho kuna kumwaga zege, wanatakiwa watu kumi. Asiyepatikana, nafasi yake inachukuliwa na mwingine kabla hajanawa uso. Wakati mwingine nyapara anabipu tu, na asiye na salio la kumpigia amebaki nyumbani. Mama huyu sukari ataipata siku akiwa na kazi, na kazi inapitia kwenye simu. Mimi na leseni yangu ya biashara sijawahi kupiga hesabu safi kuliko hiyo.

Sasa mafuta. Lita moja ya alizeti naiuza 6,000. Nikiipima kwa kipimo cha mia tano vinatoka vipimo kumi na vinne, yaani 7,000. Kila lita inayoondoka kwa kupima, mteja amepoteza elfu moja, na sifichi, elfu hiyo naila mimi. Mwenye gari anayesimama hapa kuchukua dumu ananiachia faida ndogo kuliko huyu mama wa zege. Ndivyo lilivyo duka lolote la mtaani na msomaji wetu hapo hajakosea. Amekosea anapodhani mama haoni. Anaona. Siku moja nilimwambia achukue lita nzima, nitampunguzia. Akaniuliza, "Mtoto akipandisha homa usiku, bodaboda ananipeleka kwa mafuta?"

Hapo ndipo semina inapokwama. Lita ya mafuta ikishaingia ndani haitoki tena kuwa nauli, haiwi dawa, haiwi daftari. Jirani atakuja kuazima na huwezi kumnyima, kwa sababu juzi wewe ndiye uliyeazima. Anayenunua kidogo anailipia ile nafasi ya kubaki na elfu tatu mkononi. Elfu moja kwa lita ni ghali, lakini bima nyingine hana.

Nikisema bima nisieleweke vibaya, bima ya afya naiunga mkono. Ile ya CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ilipokuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka mzima, nilipiga hesabu nikaona ni kama shilingi 82 kwa siku, chini ya bei ya pipi mbili. Hakuna mteja wangu asiyeweza 82 kwa siku. Tatizo ilikuwa haiuzwi kwa 82. Ilitakiwa 30,000 kwa mkupuo, na 30,000 ya mkupuo mtaani kwetu inaonekana siku mtu amepokea mchezo au ameuza mbuzi. Laiti wangeniachia mimi niiuze bima ile dukani kwa kupima, Chang'ombe nzima ingekuwa na kadi.

Vitu vikubwa vya maisha ya maskini vinauzwa kwa jumla tu. Kodi ya chumba: tangu Serikali ihamie Dodoma vyumba vimepanda, na mwenye nyumba anataka miezi mitatu, wengine sita, mkononi kabla hujaingiza godoro. Umeme nao una mambo yake. Kuna bei nafuu ya mtumiaji mdogo asiyezidisha uniti 75 kwa mwezi, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Imewekwa kwa ajili ya mnyonge, na nia ni njema. Lakini mnyonge kapanga kwenye nyumba ya vyumba vinane yenye mita moja ya LUKU. Kila chumba kina taa moja na chaja ya simu, labda pasi ya Jumapili, na wakijumlishwa wanaweza kuvuka 75, na wakivuka bei ya uniti inapanda zaidi ya mara mbili. Mzee anayeishi na mkewe kwenye nyumba yenye mita yake analipa kidogo kwa uniti kuliko wao. Maji yako hivyo hivyo. Uniti moja ya maji ni ndoo hamsini za lita ishirini, na anayenunua ndoo kwa mia moja kwa jirani mwenye bomba ameilipia uniti hiyo 5,000.

Sasa hiyo akiba ambayo inasemekana hawaweki. Huyo kijumbe anapita kila jioni, na mahesabu yake anayafanyia kwenye benchi la nje ya duka langu kwa sababu kuna taa. Watu kumi, elfu mbili kila mmoja kwa siku, na kila mmoja anapokea kwa zamu yake. Nimeona mtu akiacha kununua mboga ili asilale na deni la mchezo. Pesa ya mchezo ndiyo inayolipa kodi ya miezi mitatu, sare za shule, na mabati ya kule kijijini Bahi au Mvumi ambayo watu wanayapandisha mawili matatu kila wakijaliwa. Benki haiwezi kuyaona haya, lakini akiba ni akiba.

Na michango. Hapa msomaji wetu alinichekesha kidogo, maana nina hakika na yeye ana kadi tatu za harusi mezani kwake. Tofauti ni kwamba akimpa mtu elfu hamsini tunaita heshima, mama wa zege akitoa elfu tano tunaita ujinga. Jirani yangu, fundi baiskeli, alikuwa hakosi kwenye daftari la mchango wa mtu yeyote mtaani, hata wa watu ambao mimi nisingewapa kiberiti. Mama yake alipofariki hakuwa na hata nauli. Kufika saa nne asubuhi mjumbe alikuwa ameshapitisha daftari, turubai limefungwa, sanduku limepatikana, gari la kumpeleka marehemu Mpwapwa limelipiwa na dizeli yake. Zile elfu mbili mbili alizokuwa akitoa miaka yote zilimrudia siku moja, kwa wakati. Angeziweka chini ya godoro, zingekuwa zimeshaliwa na mahitaji mengine zamani.

Najua kuna takwimu. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa chini yake. Gawa kwa thelathini unapata 1,644 kwa siku, kwa bei za wakati ule. Lakini hakuna mteja wangu anayepata 1,644 kila siku, na laiti angepata! Anapata elfu kumi Jumanne, Jumatano hakuna, Alhamisi mkandarasi anasema fundi mkuu hayupo, Jumamosi analipwa nusu, iliyobaki "tutaonana wiki ijayo". Ukiijumlisha kwa mwezi inaweza kuonekana inatosha. Tumbo haliendi kwa jumla ya mwezi.

Hili ndilo ninalotaka msomaji wetu alifikirie kuliko yote, kwa sababu nimeliona likibadilisha watu mbele ya macho yangu. Kuna dada alikuwa mteja wa kupima kama wengine: unga robo tatu, mafuta ya mia tatu. Akapata kazi ya usafi kwenye ofisi moja kule Mtumba, kwenye mji wa Serikali. Mshahara si mkubwa, na nikipiga hesabu, kwa mwezi haumzidi sana mama wa zege mwenye mwezi mzuri. Lakini unaingia kwa tarehe. Haukupita muda akaanza kuchukua mfuko wa unga wa kilo ishirini na tano na mafuta lita tatu, akaja kuniuliza kama kwa jumla nitampunguzia. Hakuna aliyempa semina. Alijua siku zote kwamba jumla ni nafuu, akawa anasubiri tarehe.

Hata siku za malipo ya TASAF, mfuko wa Serikali unaozipa ruzuku kaya maskini, naona kitu kama hicho kwa bibi zetu. Siku hiyo mche wa sabuni unaondoka mzima bila kukatwa, madaftari yananiishia, na kuna bibi mmoja ambaye lazima anunue kuku wa kufuga kabla hajafika nyumbani, asije akabadili mawazo. Binti yangu aliyeko chuo alinisomea kwamba mwaka 2014 watafiti wa Benki ya Dunia, David Evans na Anna Popova, walikusanya tafiti za nchi mbalimbali kuhusu fedha wanazopewa maskini, wakakuta kwa ujumla haziongezi matumizi ya pombe na sigara. Sikushangaa.

Wakulima wetu nao wanasimangwa kila mwaka. Kwa nini mtu anauza mahindi soko la Kibaigwa mwezi wa saba bei ikiwa chini, halafu Januari ananunua hayo hayo kwa bei ya kuruka? Kwa sababu madeni yote aliyokopa mvua zilipoanza yaliahidiwa mavuno. Huku kwetu msimu wa mvua ni mmoja. Anayemdai anajua gunia limeingia ndani, na hangoji bei ipande.

Sitetei kila kitu. Wako wanaume ambao hela ya kibarua haivuki kilabuni, na wake zao nawakopesha mimi. Na vijana wa mikeka ya kubashiri mechi wananichosha. Kijana hana viatu lakini anajua timu za Ureno zinazocheza Jumatatu, na kila wiki mkeka umechanwa na mechi moja. Nilifuatwa niweke hapa dukani ile mashine ya kamari inayokula sarafu za mia mbili, nikaambiwa nitapata asilimia yangu. Nilikataa, jirani akaikubali, na sasa watoto wa shule wanatumwa chumvi wanapitia kwake. Hapo msomaji wetu akiandika barua nyingine nitaiwekea sahihi. Ila hata hapo angeanza na wanaozileta mashine.

Wengine nao watasema si wakope, wafanye biashara. Walikopa. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, iliposimamishwa mwaka 2023 mpaka ikarejeshwa mwaka uliofuata, kina mama wa hapa walihamia kwa wakopeshaji wa kausha damu, yaani mikopo ya riba kubwa, rejesho kila wiki. Mmoja alikopa akanunua friji ya kuuzia barafu. Friji iliondoka na bodaboda ya wakopeshaji, na deni likabaki.

Kwa hiyo, Mhariri, kama semina lazima iwepo, naomba waanze kuitwa wanaowalipa hawa watu. Mkandarasi aandike tarehe ya malipo kwenye karatasi na aiheshimu. Bima iruhusiwe kulipwa kwa wiki kupitia simu. Mwenye nyumba akubali kodi ya mwezi mmoja mmoja. Na msomaji wetu mwenyewe, kama nyumbani kwake ana dada wa kazi au kijana anayemchimbia shimo la choo, amlipe siku aliyomwahidi, yote. Kama huyo kijana anaishi Chang'ombe, nitajua siku hiyo hiyo.

Mwenye duka,
Chang'ombe, Dodoma