Mama alisoma bei tu: menyu nazo ziandikwe Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililonikaa moyoni tangu Jumamosi iliyopita.

Tulikwenda Bagamoyo, watu saba kwenye Noah ya kukodi: mimi, mume wangu, wanangu watatu, binti wa kaka yangu aliyeko kidato cha tatu, na mama yangu mzazi. Mama ana miaka 72 na safari ilikuwa yake. Picha yake ya ujanani iko moja tu, ya studio, na upande mmoja umeliwa na wadudu. Nilitaka tumpige picha za kutosha angali ana nguvu za kutembea.

Alianza kujiandaa tangu Alhamisi. Alitoa doti mpya ya khanga, jina lake "Wema hauozi", akaipiga pasi mara mbili. Kwenye magofu ya Kaole tulifika asubuhi, jua halijawa kali. Mwongoza wageni alitueleza kwa Kiswahili kizuri habari za msikiti wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo ambazo zamani zilipachikwa bakuli za Kichina. Mama aliuliza maswali kuliko sisi sote. Tulimpiga picha kisimani, akapigwa nyingine chini ya mbuyu na wajukuu wamemzunguka. Tukapita Misheni, ambako mwili wa Livingstone uliletwa mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar, kisha tukashuka ufukweni kwenye majahazi. Hapo njaa ikatushika.

Kuna mgahawa mpya nilikuwa nimesikia habari zake. Jina nalihifadhi, kwa sababu chakula chao ni kizuri na vijana wao wana adabu. Aliyetupokea alimwamkia mama shikamoo, akasoma jina la khanga yake kwa sauti, wakacheka pamoja. Kisha akamkabidhi menyu, na yote ilikuwa ya Kiingereza.

Mhariri, mama yangu anajua kusoma. Alifundishwa katika kisomo cha watu wazima huko Rufiji, baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Gazeti lako hulisoma kila siku, na habari ikimgusa hutusomea. Pale mezani alivaa miwani, akafungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Tarakimu alizielewa. Kwa hiyo alikuwa anaona bei tu, asijue ni bei ya nini. Akaifunga taratibu, akavua miwani, akasema, "Niagizieni mtakachokula nyinyi." Watoto walitaka chipsi kuku, na bibi yao akaletewa chipsi kuku.

Mimi sikuliona hilo wakati ule, nilikuwa nahangaika na mdogo aliyemwaga juisi. Nimeliona kwenye picha. Binti wa kaka alipiga tatu mfululizo: bibi ana miwani, bibi anafunua, bibi ameshika miwani mkononi anatazama baharini.

Tulipokuwa tunamalizia, meza ya jirani wakaletewa pweza wa nazi. Mama akageuka kwa ile harufu. "Kumbe pweza yupo?" Alipika miaka 26 kama mamalishe pale Temeke, na pweza wa nazi ndiye aliyetusomesha. Mume wangu akataka kumwita mhudumu, mama akakataa, ameshashiba, basi siku nyingine.

Nilizungumza na msimamizi bila ugomvi. Alinijibu kwamba wateja wao wengi ni wageni kutoka nje, na kwamba asiyeelewa anaweza kumuuliza mhudumu. Siku ile meza zenye watu zilikuwa tisa, na wageni kutoka nje walikaa mbili tu. Kuhusu kuuliza, mtu mzima haulizi "na hiki ni nini?" mara kumi na tano mbele ya wajukuu zake. Atakula chochote atakachopewa.

Sisemi Kiingereza kifutwe. Mgeni naye ana haki ya kujua anachokula. Ninachoomba kwa wenye migahawa ni mstari mmoja wa Kiswahili juu ya kila chakula, au karatasi ya pili ikae mezani. Kila siku tunahimizwa kufanya utalii wa ndani, nasi tunadunduliza fedha tukaitika. Basi tukifika tukute tumeandikiwa na sisi.

Tukiwa njiani kurudi nikakumbuka kuwa binti alikuwa ameipiga picha na menyu yenyewe. Nikawa namsomea mama kila chakula kilivyoelezwa, naye anakitaja kwa jina lake. Kimoja kilikuwa na mistari miwili mizima ya maelezo: samaki, makaa, tui, ukwaju. Mama hakungoja nimalize. "Samaki wa kupaka huyo." Tulipofika Bunju ukurasa wa samaki ulikuwa umekwisha, wote nimeuandika nyuma ya risiti. Karatasi hiyo ninayo. Mwenye mgahawa ule akisoma barua hii na kujitambua, nitampelekea bure, na mama nitakwenda naye.

Mama Rehema,
Mbagala, Dar es Salaam