Darubini yako usiiuze kwanza

Columbus, Ohio
Jumapili usiku

Ndugu yangu Mrisho,

Asalaam aleikum, wewe na shemeji na watoto wote hapo Louisville. Sisi ni wazima, tunamshukuru Mungu, isipokuwa baridi imeanza kubisha hodi mapema na bili nazo hazina likizo. Mama Zuhura anakusalimu, anasema deni lako la mchele bado liko palepale.

Najua nimekaa kimya tangu arusi ya kwa Kibwana, na najua utasema huyu bwana akiandika basi ana shida. Ni kweli, ninayo. Baba Neema ameniambia unataka kuiuza ile darubini ya bastola, ile Leupold yako ndogo ya kukuza mara mbili. Nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho ndipo umpe bei mtu mwingine.

Shida yenyewe ni macho. Daktari kanipima, kacheka, kasema ni umri tu, karibu ukubwani. Sasa nikivaa miwani ya kusomea, kilengeo cha mbele cha bastola yangu ya kuwindia nakiona kimesimama wima, kingo zake zote nazihesabu, lakini karatasi ya shabaha imekuwa ukungu mtupu. Nikiivua, shabaha naiona mpaka matundu, ila kilengeo kimevimba na kufifia. Zamani jicho lilikuwa likirukaruka kati ya kilengeo cha nyuma, cha mbele na mnyama kwa kasi hata mtu akadhani anaviona vyote vitatu kwa mpigo. Hilo jicho limestaafu, Mrisho, na halikuniaga.

Halafu kuna jambo ambalo sikuwahi kulipigia hesabu mpaka juzi. Kile kibamba cha kilengeo cha mbele kwenye hiyo bastola yangu, Ruger, kina upana wa kama sehemu moja ya nane ya inchi. Mkono ukiwa umenyooka, ukielekeza kwenye yadi 50 kinaziba karibu inchi 7 au 8. Moyo na mapafu ya paa wa mkia mweupe, pakubwa pake ni inchi 8 hivi! Yaani mahali ninapotakiwa kupaona kuliko pote ndipo ninapopaziba kwa chuma. Kwenye karatasi si neno, unalenga chini ya duara jeusi maisha yanaendelea. Kwa mnyama aliyesimama nyuma ya vichaka jioni, hapana. Mimi napiga bismillahi kabla ya kugusa triga, na sitaki bismillahi yangu iishie kwenye paja la mnyama, kisha tumfuate na tochi usiku kucha kama ilivyokuwa kwa Mzee Athumani. Wewe ulikuwepo. Nyama ile aliila nani?

Jirani yangu, yule mzee wa trekta jekundu, hataki hata kusikia. Anasema bastola yenye darubini ni bunduki iliyokatwa kitako. Yeye anatumia vilengeo vya chuma tangu enzi na enzi, tena kwenye bastola ya Smith & Wesson 629. Nikamwambia mzee wangu, kwenye 629 nakuelewa, maana pale lazima ufungue kilengeo cha nyuma ndipo uyakute matundu ya skurubu chini yake, na mtu kung'oa kitu cha kiwandani huwa anasita. Ruger yangu, hii Super Redhawk, haina kesi hiyo. Fremu yake imechongwa mikato ya kushikia pete za darubini tangu kiwandani, na pete zenyewe zilikuja ndani ya boksi, zimelala humo tangu niinunue. Nafunga darubini juu, vilengeo vinabaki palepale chini. Nikichoka nayo, nalegeza pete na narudi nilikokuwa. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nina kahawa.

Dukani nako vituko. Kijana wa kaunta kanitolea darubini ya raifo, bei poa, ati darubini ni darubini. Nikanyoosha mikono nikachungulia, nikaona kijitundu cheusi chenye mwanga katikati, basi. Ile imetengenezwa kwa jicho lililo inchi 3 au 4 nyuma ya kioo. Ukiisogelea hivyo ukiwa na bastola ya risasi kubwa kama hii yangu ya .44 Magnum mkononi, teke la kwanza linakufungua nyusi. Ya bastola inataka ikae mbali, inchi 18 na zaidi, mkono mzima. Nikamwambia asante mwanangu, nikaondoka.

Ndiyo maana nimeing'ang'ania hiyo yako ya 2x20, yaani kukuza mara mbili na kioo cha mbele cha milimita 20. Wapo wanaonishauri ninunue ya mara nne, na wengine zile za kukuza mara mbili mpaka saba. Lakini gawanya 20 kwa 2: mwanga unaotoka ni duara la milimita 10, na mboni ya mtu wa rika letu haifunguki hata 7. Huku sheria inaturuhusu mpaka nusu saa baada ya jua kuzama, na paa wenyewe hutoka saa hizohizo kama wameisoma sheria. Halafu ukikuza sana unakuza na tetemeko. Ile ya Kibwana ya mara nne niliishika, msalaba wa kulengea ulikuwa unacheza ngoma. Najua mkono ulikuwa ukitetemeka siku zote, ila sikuwa nauona. Bora nisiuone sana.

Kitu ninachokihofia ni kingine. Kwa chuma, unainua na kilengeo kipo. Kwa darubini naona nitainua na kukuta matawi matupu, nianze kumtafuta mnyama wakati mwenyewe anaondoka zake. Na bastola yenye darubini haitaingia tena kwenye mkoba wangu wa kiunoni, itabidi ule wa kifuani, hela nyingine hiyo. Mama Zuhura bado hajui. Nyundo nayo nasikia inajificha chini ya darubini, kidole gumba kinakosa pa kushika mpaka uongeze kile kipande cha pembeni cha kuivutia. Sijui. Kuna siku naamka nasema jirani ana haki, nibaki na chuma nijiwekee mwisho wa yadi 25. Kisha nakumbuka inchi 7 au 8 zile.

Basi nisikilize. Msimu wa kuwinda paa kwa bunduki unaanza Jumatatu ile baada ya Thanksgiving, na nisipopata mazoezi ya kutosha kabla yake siibebi bastola, nitakwenda na shotgani tu. Baba Neema anakuja huku Ijumaa. Mpe hiyo darubini niijaribu, na ile bisibisi yako ya kupimia mkazo, maana risasi zenye uzito wa grain 240 hulegeza kila kitu kisichofungwa sawasawa. Nikiipenda nakulipa, nisipoipenda inarudi na mchele.

Nijibu haya: kirekebishio cha yako kina milio ya robo dakika ya pembe, ile inayolia mara 16 kusogeza inchi moja kwenye yadi 25, au ni ya kuzunguka kimyakimya? Ulitumia ile gundi ya bluu ya kuzuia skurubu zisilegee, au ulikaza tu? Ulizoea baada ya muda gani kumpata mnyama kwenye kioo bila kuhangaika? Na kwa nini hasa unaiuza, imekushinda au ni shemeji? Mguu wa Neema umepona? Na bei, Mrisho, bei ya ndugu ni ngapi?

Wako,
Hamisi