Bastola ya kaliba gani itakufaa?

Mteja anayetafuta bastola yake ya kwanza huanza kwa kuuliza ipi ina nguvu zaidi. Nasi humrudishia swali: risasi ya pili utaipeleka wapi? Ya kwanza kila mtu anaifyatua. Ya pili, teke (msukumo wa bastola kurudi nyuma) likishapiga na mtutu ukisharuka juu, ndiyo inayoonyesha kama kaliba hiyo, yaani ukubwa huo wa risasi, unaimudu.

Wengi huvutwa na .45 ACP, risasi aliyoibuni John Browning. Nene ni nene kweli, karibu milimita 11.5, wakati ile ya 9x19 (unene wa risasi kwa urefu wa ganda, kwa milimita) ina 9 tu. Ila risasi za kisasa zenye tundu kwenye ncha hutanuka zikiingia mwilini, na pengo hilo limepungua sana. FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, waliitumia kaliba ya .40 S&W kwa miaka, kisha wakarudi kwenye 9x19; sababu mojawapo ni kwamba askari wengi walikuwa wakilenga nayo vizuri zaidi na kwa haraka. Magazini yake pia hubeba risasi nyingi. Kwa hiyo tukiulizwa, jibu letu mara nyingi ni 9x19. Mwenye .45 na anaimudu, hatuna ugomvi naye.

Tunachobishana nacho ni ile tabia ya kumuuzia mtu asiye na nguvu za mikono kibastola cha mfukoni, eti ni laini. Uzito wa chuma ndio unaomeza teke. Risasi ileile iliyotulia kwenye bastola nzito itakuchapa kiganja kwenye nyepesi, na hata .380, yenye baruti kidogo, hufanya hivyo.

Ukienda kwenye uwanja wa shabaha, mwombe mwalimu achanganye risasi moja bandia kwenye magazini bila wewe kujua ni ya ngapi. Ikifika, utasikia "tak" tu. Tazama mtutu: ukiinama, mkono wako unauogopa mlipuko kabla haujatokea. Hapo shuka kaliba, au anza upya na .22 LR, risasi ndogo yenye teke hafifu, mpaka woga uishe.

Jambo la mwisho, la usalama. Risasi ya .380 na ya 9x19 zina unene mmoja, lakini ganda la kwanza lina urefu wa milimita 17 na la pili 19. Hazibadilishani. Soma maandishi ya kwenye mtutu, kisha ya kwenye kitako cha ganda. Yakikuchanganya, tuletee bastola ikiwa tupu, magazini imetolewa, tukusomee kabla hujanunua risasi.