Kabla Hujasema Tumekuuzia Ngozi Feki

Wiki hii tena mteja kaleta dukani kwetu, tunaposafisha mikanda ya ngozi na mikoba ya bastola, mkanda uliopasuka pale kwenye tundu analofungia, akasema mbele ya watu kwamba tumemuuzia ngozi feki. Fundi akakata ncha kidogo akamwonyesha: nyuzi za ngozi ya ng'ombe toka juu hadi chini, hakuna kitambaa wala plastiki. Tulipomuuliza anausafishaje, alijibu bila kusita. Huuloweka kwenye beseni la sabuni ya unga, kisha huuanika juu ya bati.

Ngozi hulainika kwa mafuta yaliyomo ndani ya nyuzi zake. Sabuni ya unga huyaondoa pamoja na uchafu, jua likimalizia nyuzi hushikana, na mkanda hukakamaa kama ubao. Ufa ukishaingia hatuna dawa.

Wengine wakiona umekakamaa hukimbilia mafuta ya kupikia. Siku za mwanzo unang'aa kweli. Baadaye mafuta yanachacha, yanashika vumbi, na kwa unyevunyevu wetu wa pwani kuvu inaota upande wa ndani. Mama mmoja alikuja na mkanda wa mumewe pamoja na suruali tatu za kazini, zote zina mstari wa mafuta kiunoni. Alikwepa gharama ya kusafisha mkanda, akabaki na suruali zisizovalika.

Mikoba ya bastola ndiyo inayotuumiza roho zaidi. Ngozi yake huloweshwa, hufinyangwa kufuata umbo la silaha, ikaachwa ikauke iwe ngumu. Ugumu huo ndio unaoishika bastola. Mlinzi mmoja aliunywesha wake glisirini usiku kucha akidhani anautunza. Tulitia ndani kielelezo chetu cha mbao chenye umbo la bastola, tukaugeuza juu chini, kikadondoka chenyewe. Tulimwambia asiuvae tena kazini. Tafadhali, pia usilaze silaha ndani ya mkoba: ngozi hushika unyevu na chumvi ya jasho, na chuma huota kutu.

Sasa bei. Kusafisha mkanda ni shilingi 15,000, mkoba 25,000, na kila siku tunaambiwa kopo la kiwi ni rahisi kuliko hapo. Kiwi inapaka rangi juu ya uchafu. Sisi tunafungua bizimu, tunapiga brashi kavu mpaka chini ya riveti, mahali ile kutu ya kijani ya shaba inapojificha. Tunafuta kwa kitambaa chenye povu kidogo la sabuni laini, halafu mkanda unaning'inia kivulini penye upepo, hata siku mbili, mbali na jua na jiko. Ukikauka ndipo unapata mafuta mepesi, kidogo sana, kisha nta ya nyuki. Mkoba unapata nta tu. Uzi uliokatika tunaushona kwa mkono, kwa sindano mbili, ili mshono mmoja ukikatika mingine isifumuke. Kazi hiyo haiharakishwi, na hatutaiharakisha.

Nyumbani futa jasho kwa kitambaa kibichi kidogo, ning'iniza mkanda, usiufungie kwenye mfuko wa plastiki. Kama unabanduka utando juu na kitambaa kinaonekana chini yake, huo si wa ngozi. Tutakurudishia mkanda wako bila kukutoza.

Wenye mikoba, leteni mkoba mtupu. Silaha hatupokei dukani, hata kwa dakika moja.